Bwana Mmoja Tu: Utii wa Mtakatifu Yosefina Bakhita



Kila tusalipo Sala ya Bwana, tunamwomba Baba kwamba mapenzi yake yatimizwe hapa duniani kama yanavyotimizwa mbinguni. Maneno hayo tumeyazoea tangu utoto, nayo hututoka midomoni kwa wepesi. Lakini pale mapenzi hayo yanapogusa mipango yetu, kazi yetu au watu tunaowapenda, wengi wetu husita. Moyoni tunachelea kwamba kumtii Mungu ni kupungukiwa, na kwamba atakayesema "ndiyo" kwake atabaki na maisha madogo kuliko yale aliyoyatamani.

Wako pia miongoni mwetu wanaoliogopa neno "utii" kwa sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Wamelisikia neno hilo vinywani mwa watu waliowaonea. Mke apigwaye huambiwa atii. Binti wa kazi za ndani ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi mingi huambiwa avumilie, eti ndivyo Mungu alivyompangia. Kwa mtu aliyeumizwa namna hiyo, mahubiri juu ya utii husikika kama mlango mwingine unaofungwa.

Kwa ajili ya makundi yote mawili tumeona vema katika tafakari ya juma hili kuyapitia maisha ya mwanamke mmoja Mwafrika, ambaye Kanisa humkumbuka kila tarehe 8 Februari. Huyu ni Mtakatifu Yosefina Bakhita. Aliujua utii wa mtumwa na aliujua utii wa mwana. Tofauti kati ya hizo mbili hakufundishwa vitabuni, bali aliisoma katika ngozi ya mwili wake mwenyewe.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, katika nchi ya Darfur, magharibi mwa Sudan. Familia yake ilikuwa kubwa na yenye upendo. Yapata mwaka 1877, akiwa bado mtoto mdogo, alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa. Hofu ya siku zile ilikuwa kubwa kiasi kwamba alilisahau hata jina alilopewa na wazazi wake, wala hakulikumbuka tena maisha yake yote. Jina Bakhita alipewa na watekaji wake. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya "mwenye bahati", nasi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji mfasiri, maana neno letu "bahati" limetoka katika mzizi ule ule. Watu waliomnyang'anya mama, baba na nyumba walimwita mwenye bahati. Ilikuwa dhihaka, ingawa Mungu alikuwa na neno lake juu ya jina hilo.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya mbali na sisi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, miaka michache tu kabla ya Bakhita kukamatwa. Pale Bagamoyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walikuwa wakiwakomboa watumwa na kuwapa makao. Njia zilizotoka bara kwenda pwani ya kwetu, na njia zilizopita jangwa la Sudan, zilikuwa matawi ya mti mmoja wenye sumu. Bakhita ni ndugu wa damu wa wale ambao mifupa yao imelala kando ya njia zetu.

Tangu kukamatwa kwake aliuzwa mara kadhaa, akapita mikononi mwa mabwana mbalimbali. Safari moja alitoroka pamoja na msichana mwingine wa umri wake, wakakimbia usiku porini, lakini wakaangukia mikononi mwa mtu aliyejifanya mwema kisha akawauza tena. Kati ya mabwana wote, mkali kuliko wote alikuwa afisa wa jeshi la Kituruki. Katika nyumba hiyo viboko vilikuwa chakula cha kila siku. Huko ndiko alikochanjwa mwili: michoro ilichorwa kwa unga juu ya ngozi yake, kisha ikafuatishwa kwa wembe, na majeraha yakapakwa chumvi ili makovu yasifutike kamwe. Masimulizi ya maisha yake yanataja mikato 114.

Hapo, wapendwa, Bakhita alikuwa mtii. Alifanya kila alichoagizwa, alikwenda alikotumwa, alinyamaza alipotakiwa kunyamaza. Ikiwa utii ni kufanya tu anachotaka mwenye nguvu, basi hakuna aliyemzidi. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba Bakhita alikuwa akiyatimiza mapenzi ya Mungu kwa kuchanjwa mwili wake. Mapenzi ya Mungu yalikuwa yakikanyagwa pale, na waliyoyakanyaga ni wale walioshika wembe na wale waliolipa fedha.

Mwaka 1883 alinunuliwa mjini Khartoum na Callisto Legnani, mwakilishi wa serikali ya Italia katika mji huo. Kwa mara ya kwanza tangu utoto hakupigwa. Vita vya Mahdi vilipoukaribia mji, Legnani alijiandaa kurudi kwao, na Bakhita alimsihi amchukue. Walifika Italia mwaka 1885. Hata hivyo mambo yalikuwa bado yale yale chini ya sura ya upole, kwa maana alipofika huko alitolewa kama zawadi kwa mke wa rafiki wa Legnani, bwana Augusto Michieli. Bakhita akawa yaya wa mtoto wao wa kike, aliyeitwa Mimmina, katika kijiji cha Zianigo, karibu na Venezia. Alimpenda sana mtoto huyo, na mtoto naye alimpenda.

Familia ya Michieli ilikuwa na hoteli huko Suakin, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Ikafika wakati mama wa nyumba alitakiwa kwenda huko kwa mumewe, naye akahitaji mahali pa kumwacha mtoto na yaya wake. Msimamizi wa mali zao, Illuminato Checchini, Mkatoliki mwenye imani hai, ndiye aliyempa Bakhita msalaba mdogo wa fedha na kusaidia wapokelewe katika nyumba ya wakatekumeni ya Masista wa Kanossa mjini Venezia. Mwaka ulikuwa 1888. Bakhita alisimulia baadaye kwamba tangu utotoni, alipoyatazama jua, mwezi na nyota, alijiuliza ni nani aliye Bwana wa vitu hivi vizuri, akatamani kumwona na kumheshimu. Masista hao ndio waliomjulisha Bwana huyo ni nani.

Tuyawaze vizuri yaliyompata hapo. Msichana aliyekuwa amepitia mikono ya mabwana wengi anaambiwa kwamba yuko Bwana aliye juu ya mabwana wote, naye ndiye aliyemwumba na kumpenda hata kabla hajazaliwa. Anaambiwa pia kwamba Bwana huyo mwenyewe alipigwa viboko na kutundikwa msalabani. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake juu ya tumaini, Spe Salvi, uliotolewa tarehe 30 Novemba 2007, alimtaja Bakhita tangu mwanzoni kama mfano wa mtu aliyekutana na tumaini la kweli. Anaeleza kwamba Bakhita alimwita Mungu "Paron", neno la watu wa Venezia la kumwita bwana. Sisi twaelewa mara moja, maana lugha yetu nayo hutumia neno moja, "bwana", kwa yule anayemiliki mtumwa na kwa Yule tunayemwabudu. Bakhita alilichukua neno lililomtesa miaka yote, akalirudisha kwa Mwenyewe.

Ndipo ikaja saa ya kujaribiwa. Mama Michieli alirudi kumchukua mtoto na yaya, ili wote waende Suakin. Bakhita akakataa. Yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema "sitaki" bila kupigwa, sasa alisema hatakwenda, kwa sababu alikuwa hajamaliza mafundisho wala hajabatizwa, na akienda huko angeipoteza nafasi hiyo.

Haikuwa rahisi, na tusiifanye rahisi kwa sababu tunajua mwisho wake. Mama huyo hakuwa kama yule afisa wa jeshi: alikuwa amemtendea Bakhita kwa wema, naye alimwona kuwa hana shukrani. Mimmina alilia kwa kutenganishwa na yaya wake. Bakhita mwenyewe alikiri kwamba moyo wake uliumia sana kumwona mama huyo akihuzunika na kukasirika. Katika nchi ile hakuwa na ndugu, hakuwa na mali, hakuwa na elimu. Kwa hesabu za kibinadamu, kwenda Suakin kulikuwa na usalama kuliko kubaki.

Shauri hilo lilifika kwa Patriarki wa Venezia, Kardinali Domenico Agostini, na kwa mwanasheria wa Mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 ilitamkwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, na kwa hiyo Bakhita ni mtu huru anayeweza kujiamulia mwenyewe. Aliamua kubaki. Tarehe 9 Januari 1890, Kardinali Agostini alimpatia Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi Takatifu. Akaitwa Yosefina Margherita Fortunata. Jina hilo la mwisho ni tafsiri ya Bakhita, yaani mwenye bahati. Dhihaka ya watekaji ilioshwa katika maji ya Ubatizo ikatoka ikiwa kweli. Miaka iliyofuata alionekana mara nyingi akikibusu kisima cha Ubatizo, akisema kwamba hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu.

Wapendwa, hapa ndipo penye fundisho letu. Tendo la kwanza kubwa la Bakhita la kumtii Mungu lilikuwa ni kukataa. Alikataa amri ya mwanadamu aliyejiona kuwa na haki juu yake, kwa sababu alikuwa amemsikia Mungu akimwita. Ndivyo Mtume Petro na wenzake walivyolijibu Baraza, kwamba yapasa kumtii Mungu kabla ya wanadamu (Mdo 5:29). Na ndivyo Bwana wetu alivyofundisha kwamba hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili (Mt 6:24). Utii kwa Mungu haumwongezei mtu bwana mmoja zaidi juu ya wale alio nao. Unawaondoa wale wengine katika kiti ambacho hakikuwa chao.

Lakini hadithi haiishii katika kukataa, na hapa tunaomba umakini wa wale wanaodhani kwamba uhuru ni kutotii mtu yeyote. Bakhita alipata uhuru wake mbele ya sheria mwaka 1889. Aliufanyia nini? Miaka minne baadaye, tarehe 7 Desemba 1893, aliingia unovisi wa Masista wa Kanossa, na tarehe 8 Desemba 1896, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, aliweka nadhiri za ufukara, usafi wa moyo na utii. Mwanamke aliyepiganiwa hadi mbele ya mwanasheria wa Mfalme ili asiamriwe na mtu, alipiga magoti kwa hiari yake akaahidi kutii.

Je, alirudi utumwani? Tuyatazame matunda. Mwaka 1902 alipelekwa katika nyumba ya shirika mjini Schio, na huko ndiko alikokaa kwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki. Alikuwa mpishi, mshonaji, mtunza sakristia na mngoja mlango. Watoto wa shule waliopita mlangoni waliwekewa mkono wake kichwani kwa baraka. Watu wa mji walimwita "Mama Moretta", mama yetu mweusi, wakamletea shida zao. Mwaka 1910, kwa agizo la mkuu wake, alisimulia maisha yake yakaandikwa. Katika miaka ya 1930 alitumwa kuzunguka miji ya Italia kuzungumza kwa ajili ya misioni, ingawa hakupenda kusimama mbele ya watu na kutazamwa. Alikwenda kwa sababu alitumwa, lakini hakwenda kama mtumwa aendavyo. Mtumwa hutii kwa sababu ya kiboko, na kiboko kikiondoka utii huondoka nacho. Mwana hutii kwa sababu anampenda Baba na nyumba ni yake pia. Mtume Paulo anawaambia Wagalatia kwamba sisi si watumwa tena bali wana, na tukiwa wana tu warithi (Gal 4:7).

Uzee ulimletea maradhi, akawa mtu wa kukaa katika kiti cha magurudumu. Inasimuliwa kwamba Askofu mmoja aliyeitembelea nyumba yao alimwuliza anafanya nini hapo kitini. Bakhita akamjibu kwamba anafanya lile lile analolifanya Askofu, yaani mapenzi ya Mungu. Jibu hilo ni fupi, nalo linatosha kwa mafungo ya juma zima. Mara nyingi tunadhani kwamba maisha yatatimia tutakapopata cheo, nyumba, ndoa au safari. Bakhita hakuwa na kazi hata moja iliyobaki mikononi mwake, wala hakujiona ana pengo. Kristo mwenyewe alisema kwamba chakula chake ni kuyatenda mapenzi ya Yeye aliyempeleka (Yn 4:34). Chakula hakimpunguzi mlaji; kinamjenga na kumpa nguvu.

Linabaki jambo moja gumu, wala hatutalikwepa. Bakhita alisema kwamba kama angekutana na wale waliomteka, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa yasingetokea yale yaliyotokea, yeye asingekuwa Mkristo na mtawa. Maneno hayo yanaweza kutumiwa vibaya. Yeyote asithubutu kumwekea mwingine maneno hayo kinywani. Ni yeye aliyeteseka tu awezaye kuyasema, tena baada ya kuwa huru. Mungu hakuutaka utumwa wa Bakhita, kama vile hakuitaka dhambi ya ndugu zake Yosefu waliomwuza Misri. Lakini hakuna uovu uliokuwa mkubwa kiasi cha kumzuia Mungu asitoe kitu chema katika maisha yaliyojeruhiwa. Kusamehe kwa Bakhita hakukufuta hatia ya waliomtesa. Kulikata kamba ya mwisho waliyokuwa wamemfunga nayo, yaani kinyongo.

Katika siku zake za mwisho, homa ilimrudisha katika utoto wake. Aliwasihi masista waliomwuguza wailegeze minyororo, kwa kuwa ilikuwa mizito. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita, lakini mwili haukuwa umesahau. Tunalitaja hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaobeba majeraha ya zamani, na wanaojiuliza kama maumivu yao ni dalili ya imani haba. Utakatifu haukuyafuta makovu 114 ya Bakhita, kama vile ufufuko haukuyafuta makovu ya mikono ya Bwana. Alifariki dunia tarehe 8 Februari 1947 huko Schio, akilitaja jina la Bikira Maria. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri tarehe 17 Mei 1992, na mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Tangu mwaka 2015 siku ya kumbukumbu yake imekuwa pia siku ya Kanisa lote ya kuombea waathirika wa biashara haramu ya binadamu.

Basi, ndugu zetu, tufanye nini sisi? Kwanza, kila mmoja ajiulize ni bwana gani anayemtii kwa hofu: fedha, macho ya watu, mazoea, au mtu fulani anayemshurutisha kutenda dhambi. Huyo anaweza kukataliwa, na neema ya kumkataa ipo. Pili, tuangalie nyumba zetu. Ikiwa ndani ya nyumba yangu yuko binti anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, anayekula mabaki, asiyelipwa na asiyepewa nafasi ya kwenda Misa, basi sala yangu ya kuomba mapenzi ya Mungu yatimizwe inanihukumu mimi mwenyewe. Bakhita yuko jikoni kwangu, nami sijamwona. Tatu, tulipokee jukumu la leo, hata liwe dogo, kama mahali ambapo Mungu anatungoja: kulea, kuuguza, kufundisha, kungoja mlango.

Bikira Maria aliitikia neno la malaika kwa uhuru, naye Mwanae katika Gethsemane aliyaweka mapenzi yake mikononi mwa Baba. Bakhita aliwafuata njia hiyo hiyo, akitokea mahali pa chini kabisa ambapo mwanadamu anaweza kuwekwa na mwanadamu mwenzake. Tumwombe atushike mkono nasi tuifuate.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee. Amina.